Vigingi Vilivyoota Majani

Siku yangu ya kwanza kazini nilisimama kwenye mvua nimeshika ubao mrefu, tangu asubuhi hadi alasiri, bila mtu yeyote kuniambia ubao ule ni wa nini. Ilikuwa Butembo. Brigedi yetu ya upimaji ilikuwa na bohari katika komini ya Mususa, kati ya karakana ya seremala na duka la mama aliyeuza chumvi na sabuni, na kazi ya siku hiyo ilikuwa kupima bonde lililo nyuma yake. Chef de Brigade, mkuu wa kikosi chetu, mtu mfupi ambaye sikuwahi kumwona bila koti la mvua, aliniweka kwenye ukingo mmoja, akaenda kusimama nyuma ya darubini yake kwenye ukingo wa pili, akaanza kunipungia mikono. Nilidhani ananiita. Nikaulaza ubao chini, nikashuka bonde na kupanda hadi alipo, nikihema, kumuuliza anataka nini. Wenzangu walicheka mpaka wakashika matumbo.

Yeye hakucheka. Alinirudisha mwenyewe hadi kwenye ubao, akauinua, akaufuta matope kwa mkono wa koti lake.

"Hii inaitwa mira," alisema. "Kazi yako ni kuishika wima. Kama inalala kidogo tu, mulima yote inasema bongo. Na ile bongo tutaiandika ku plan, na batu batajenga juu yake."

Bongo kwetu ni uongo. Nimepima ardhi kwa muda unaozidi umri wa wengi mtakaosoma haya, na katika mafunzo yote niliyopewa na wakubwa wenye vyeo na wasio na vyeo, hilo ndilo lililonikaa. Nililivunja mara moja tu. Mara hiyo moja ndiyo inayonifanya niandike, maana mengine ya kazi yangu hayana thamani ya karatasi.

Mimi ni mtoto wa Beni. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, kama ndugu zake na kama nusu ya wanaume walioswali naye safu moja msikitini. Alipakia mizigo Kasindi, kwenye mpaka wa Uganda, akaileta Beni na Butembo, na alitaka nishike usukani baada yake. Niliikataa barabara kwa sababu ya dada yangu Mariamu. Alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, mtoto akawa amekaa vibaya, ikaamuliwa apelekwe Butembo kwa daktari wa upasuaji. Ni kilometa hamsini na kitu. Baba alimkalisha mbele kwenye lori lake mwenyewe. Njiani walikuta shimo la matope ambamo magari mawili yalikuwa yamezama tangu juzi yake, na nyuma ya magari hayo foleni isiyo na mwisho. Mariamu alikufa kwenye foleni ile, mchana kweupe, wanawake wasiomjua wakimkinga jua kwa vitenge vyao. Baba aliendelea kuendesha njia ile ile mpaka alipozeeka. Mimi nilikwenda kutafuta kazi kwa watu wanaopima njia, nikidhani kwamba wanaozipima ndio wanaozitengeneza.

Nilishika mira miaka mitatu, kisha nikapewa mnyororo, ule wa chuma wa kupimia urefu, kisha nikaruhusiwa kuweka jicho kwenye teodoliti. Nyinyi vijana mna vyombo vinavyozungumza na setilaiti, mnabonyeza, mnasoma, mnaenda kula. Teodoliti ilikuwa darubini juu ya miguu mitatu, na kabla haijakuambia lolote ilikubidi uisimamishe sawasawa kwa kuangalia kiputo cha hewa ndani ya kichupa kidogo, na kiputo hicho kilikuwa na kiburi kuliko Chef de Bureau, mkuu wa ofisi. Ukipumua vibaya kinakimbia. Nilipelekwa Mangina kupima njia za mashamba ya kakao, nikalala nyumba ya mchungaji wa kanisa la huko ambaye aliniamsha kila alfajiri ili nisikose sala yangu, yeye akienda kwenye yake. Nilipelekwa Kasindi kupima uwanja wa magari. Chef de Bureau wa huko alituambia tupime mbio kabla malori hayajapaki juu ya alama zetu, na kweli yalipaki. Tulipima upya mara nne.

Kila mahali niligundua jambo lile lile. Alama zetu hazikai. Kazi ya mpimaji inategemea vigingi, vijiti vyenye namba vinavyopigwa ardhini kuonyesha njia itapita wapi, na kigingi kikavu katika nchi ya baridi na mvua ni kuni. Ukipiga vigingi Jumatatu, kufikia Jumapili vimepika maharagwe. Hakuna mtu wa kulaumiwa, nilikula maharagwe hayo mimi mwenyewe mara nyingi, nikishukuru.

Nilikuwa nimeshakuwa Chef de Brigade mwenyewe, na nywele zimeanza kubadilika, uliponijia ule mradi wa treni.

Alikuja Ingénieur Principal, mhandisi mkuu, kutoka Kinshasa, mtu mrefu, mwenye adabu, aliyevaa viatu vya mjini na kuviharibu siku ya pili bila kulalamika. Alitukusanya Beni akatandika karatasi mezani. Treni ya kasi, alisema, na si ya mizigo. Ya watu. Kutoka Kasindi hadi Beni, Beni hadi Butembo, kisha kusini, na siku moja kuvuka mpaka na kuungana na reli za majirani zetu. Alieleza kwamba treni ya namna hiyo haizunguki vilima kama barabara inavyozunguka. Kona zake ni pana mno, kona moja inaweza kumeza vijiji vitatu, kwa hiyo inalazimika kutoboa mlima na kuruka bonde juu ya daraja. Kazi yetu ilikuwa kupata mhimili, yaani mstari wa katikati wa reli, na kuupigia vigingi kwenye ardhi yenyewe kutoka Butembo hadi Beni. Nilimuuliza swali moja tu: Butembo hadi Beni, muda gani? Akapiga hesabu kwenye kona ya karatasi. Dakika ishirini na mbili.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za ofisi. Nililia, na sioni haya kusema.

Tangu siku hiyo nimebishana na watu wengi. Wanasema, Papa Saidi, tumekosa hata barabara ya kupitisha pikipiki na wewe unatuletea treni ya kasi. Baba yangu alisema itakula malori. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo aliniambia mizigo ndiyo inayolipa, abiria hawalipi kitu. Chef de Division, mkubwa wetu wa mwisho hapa jimboni, alinisikiliza siku moja mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba mtopografu hafanyi siasa. Nawajibu wote hapa, kwa kuwa sina tena mkubwa wa kunikatiza. Mizigo inaweza kungoja. Gunia la chumvi likikaa wiki kwenye matope linatoka bado ni chumvi. Mtu hakai. Sisi tumewapandisha watu juu ya mizigo miaka yote, mama na mtoto wake juu ya mifuko ya saruji, kana kwamba wao ndio nyongeza. Barabara yetu inakulazimisha usimame, kwenye matope, kwenye kamba ya kizuizi, kwenye kona ambayo hujui nani yuko nyuma yake, na waliokufa kati ya Butembo na Beni wengi wao walikufa mahali gari liliposimama au lilipopunguza mwendo. Chombo kisichosimama njiani si anasa kwetu. Mwalimu angeweza kulala Butembo na kufundisha Beni. Mgonjwa angefika angali anazungumza. Maji ya kuzalisha umeme tunayo, yanashuka Ruwenzori mchana na usiku bila kuombwa. Vilima vyetu ni vigumu, nakubali, nimevipima mwenyewe kwa miguu yangu, lakini ugumu wake unahesabika. Foleni ya Mariamu haikuhesabika.

Basi, tulianza kazi Butembo. Vigingi vilitakiwa kuwa vya chuma, vimeagizwa, vinakuja na lori kutoka Kasindi. Lori lilizama njiani. Mnaweza kucheka. Tulikaa siku nane tukingoja vyuma vya kuonyesha njia ya treni ya kasi, navyo vimekwama kwenye matope. Siku ya tisa Ingénieur Principal alipoteza subira yake kidogo.

"Chef, nyinyi hamuna miti huku?" aliniuliza. "Kata yoyote. Tupige, tuendelee. Ripoti inangojewa."

Mti wa karibu, ulionyooka na rahisi kwa panga, ulikuwa ule wa uzio, ambao kila mtu wa vilima hivi anaujua. Unakata tawi bichi, unalichomeka ardhini, baada ya majuma machache limeota majani. Ndiyo maana watu wanauzungushia mashamba na mazizi. Mimi niliujua. Watu wangu waliujua pia, na mmoja wao aliniambia waziwazi kwamba vigingi hivi vitaota. Nilimjibu kwa mzaha. Nilimwambia kabla havijaota hata jani la pili, treni itakuwa imepita juu yake.

Hilo ndilo kosa langu. Sikuwa nimeilaza mira, vipimo vyangu vilikuwa safi, lakini nilipiga kigingi kibichi kwa kuwa niliamini, na mpimaji hana kazi ya kuamini.

Lazima nieleze jambo moja kwa wasio wa huku. Katika vilima hivi mpaka wa shamba hauandikwi, unapandwa. Watu wawili wakigawana ardhi, wanaita mashahidi, wanapanda mti hai mbele yao, wanasema kwa sauti kwa nini wanaupanda, wanakunywa kasikisi, ile pombe ya ndizi, basi. Tangu siku hiyo mti unasimama kama shahidi wa ziada. Kijiti kikavu unaweza kukipikia chai. Mti hai wa mpaka huugusi. Wa kuung'oa ni aliyeupanda tu, naye aje mbele ya mashahidi, aseme kwa mdomo wake kwa nini aliupanda na kwa nini anautoa.

Upande wa Maboya, njiani kati ya Butembo na Beni, kuna kilima ambacho mhimili wetu ulikikata katikati. Shamba la hapo lilikuwa la mjane, Mama Masika, mwimbaji wa kwaya ya kanisa, mwenye mtoto mmoja wa kiume, Muhindo. Juu kabisa ni mawe na miche ya kahawa isiyotaka kunenepa. Chini ndiko kulikokuwa na udongo mweusi, maharagwe, mihogo na chemchemi. Tulipiga vigingi saba kuvuka shamba lake. Alitupikia. Aliniuliza vile vijiti ni vya nini, nami, kwa majivuno yangu yote, nilimsimamisha kwenye kigingi cha nne nikamwonyesha kwa mkono: treni itatokea kule Butembo, itapita hapa dakika ya tisa, itaingia Beni kabla maji yako hayajachemka. Alicheka, akaniuliza kama itamwogopesha mbuzi wake.

Ripoti ilikwenda Kinshasa. Ingénieur Principal alikwenda nayo. Mvua ilinyesha. Vigingi vikaota.

Mwaka uliofuata Mama Masika alikuja ofisini Beni. Alikuwa ametembea nusu ya njia. Alinieleza akiwa amesimama, alikataa kiti. Shemeji zake wawili, ndugu za marehemu mume wake, wameona mstari wa miti hai umekata shamba, wamesema Serikali imepanda mpaka: juu ni kwa mjane, chini ni kwa ukoo. Chef de Localité, mkuu wa kijiji, amekuja kuangalia. Alikuwa mtu wa haki, hakupendelea, lakini alichokiona ni miti hai iliyopangwa kwa mstari, na kwa desturi mti hai ni mpaka hadi aliyeupanda auondoe. Kwa hiyo yeye mjane amezuiwa kulima chini. Anachota maji kwa kuomba ruhusa kwenye chemchemi aliyoichimba yeye na mume wake.

"Papa Saidi, mimi hapana na ubaya na treni yako," alisema. "Kuja tu uitoe miti yako. Itapita bila miti."

Nilimwambia siwezi. Nilimweleza kwamba vigingi vile ndivyo mhimili wenyewe, kwamba nikiving'oa mstari umepotea, kwamba ujenzi ukianza kila mtu atafidiwa, wa juu na wa chini. Nilimwambia avumilie mwaka mmoja. Nilimwandikia hata barua, yenye muhuri, kwamba vile ni vigingi vya muda na si mipaka. Alimpelekea Chef de Localité. Mkuu huyo aliisoma kwa heshima, akairudisha, akasema karatasi haing'oi mti.

Alirudi mara ya pili, na ya tatu. Kati ya safari zake kulikuja maradhi ya Ebola kutoka upande wa Mangina, tukawa tunapimwa joto kila kizuizi na kunawa klorini mpaka ngozi inapasuka. Kulikuja mauaji vijijini, familia nzima zikiingia Beni na magodoro kichwani. Brigedi yangu ilivunjwa, watu wakatawanyika, teodoliti ikafungiwa kabatini. Kila mwaka niliuliza ofisi ya Division habari za treni, na kila mwaka niliambiwa faili linasomwa. Nami niliendelea kuamini. Niseme ukweli, ilifika wakati sikuamini tena, lakini niliendelea kukataa kwenda kwenye kilima kile. Kung'oa miti ile mbele ya mashahidi kulikuwa na maana ya kutamka kwa kinywa changu kwamba treni haiji, na mimi nilikuwa kama nimemzika Mariamu kwenye mstari ule. Nilimwacha mjane alipe gharama ya huzuni yangu. Sijui namna nyingine ya kulisema jambo hili.

Mara ya tatu hakuomba. Alinitazama tu, akaniambia neno ambalo nililala nalo.

"Batu bote banasema bongo, Papa. Lakini bongo ya wengine inakauka. Ya kwako ilishaota majani."

Nilistaafu baada ya hapo. Hakukuwa na sherehe, kulikuwa na soda na hotuba fupi ya Chef de Division, wa tatu tangu yule aliyenikataza siasa. Nilipokuwa nikikusanya vitu vyangu, katibu aliniletea faili la treni niangalie kama kuna karatasi yangu binafsi ndani yake. Juu ya jalada kulikuwa na maneno matatu ya Kifaransa, yamepigwa kwa mashine: classé sans suite. Limefungwa, halifuatiliwi. Tarehe iliyokuwa chini yake ilikuwa ya zamani. Faili lilikuwa limefungwa kabla ya safari ya pili ya Mama Masika. Miaka yote ile waliyokuwa wakiniambia linasomwa, lilikuwa limelala pale, hatua ishirini kutoka kwenye meza yangu, na sikuwahi kuinuka kwenda kulitafuta.

Wiki hiyo hiyo nilipanda gari, asubuhi mapema, mnyororo wangu wa zamani begani, abiria wote tukiwa kimya kwa hofu kama ilivyo kawaida ya njia ile siku hizi. Nilimpitia Chef de Localité, ambaye sasa alikuwa mtoto wa yule wa kwanza. Aliita wazee wawili wawe mashahidi. Tulipanda kilima.

Mama Masika alikuwa amezeeka sana. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua kahawa kidogo kwenye ungo, na aliponiona hakuonyesha mshangao wowote. Alisema "wavukire", salamu ya asubuhi ya Kinande, akaendelea kuchambua. Nilimweleza nilichokuja kufanya. Akaweka ungo chini, akafunga kitenge vizuri, akatufuata.

Vigingi vyangu vilikuwa vimenenepa kuliko paja la mtu. Saba, kwa mstari ulionyooka kabisa, sikuwahi kuona kazi yangu ikidumu hivyo mahali popote. Kwenye mti wa nne, ukitazama kwa makini, kovu la namba lilikuwa limevutika na kupanuka pamoja na gome. Nilivua kofia, nikasimama mbele ya mashahidi, nikasema kama desturi inavyotaka: kwamba miti hii niliipanda mimi, Saidi, mpimaji, si kwa mpaka bali kwa treni, na kwamba ninaing'oa kwa sababu treni haitapita hapa. Sauti yangu ilitoka kavu, kama ya mtu anayesoma namba.

Tulichimba tangu saa tatu hadi saa nane. Mizizi ilikuwa imeshikana chini, wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, ilibidi kukata kwa shoka. Hakuna aliyekuja kupinga. Nilipouliza wale shemeji wawili wako wapi, Chef de Localité aliniambia mmoja alifariki na mwingine alikimbilia Uganda na watoto wake kupitia Kasindi, hana habari zake. Nikatazama chini. Ule udongo mweusi ulikuwa magugu matupu, marefu kunizidi, na chemchemi haionekani. Hapakuwa na mtu wa kulima huko tena, upande wowote wa mpaka. Nilikuwa nimemrudishia Mama Masika shamba lake siku ambayo hawezi kushuka mteremko.

"Wasingya," aliniambia. Asante. Alilisema sawasawa, bila uchungu, na hilo lilinikata zaidi.

Mashahidi walipewa kasikisi, mimi nikapewa chai. Tulikuwa tumekaa kwenye magogo ya vigingi vyangu. Nilimuuliza habari za Muhindo, nikitumaini kusikia kwamba yuko mjini, ana kazi, ana watoto, atakuja kulima kule chini. Alinieleza, taratibu, akitazama barabara inayoonekana chini ya kilima. Mwaka jana Muhindo alitoka kwenda Beni kwa pikipiki kuchukua dawa yake, yeye mama. Alimuaga hapo kwenye mti wa nne. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka vizuri. Wauaji walivizia barabara siku hiyo. Pikipiki iliokotwa. Yeye, walimzika huko huko pamoja na wengine, mama yake hakumwona.

Mzee mmoja alivua kofia.

"Ulisemaka dakika ngapi?" Mama Masika aliniuliza.

"Tisa kutoka Butembo mpaka hapa. Kutoka hapa mpaka Beni, kumi na tatu."

"Kumi na tatu," alirudia. Alikunja vidole vyake kimoja kimoja juu ya goti, akafika kumi, akaanza tena upya, akaishia kwenye cha tatu.

"Ningesimama hapa tu," alisema. "Ile siku anaenda, ningesimama hapa, niione ikipita. Ningepungia mukono madirisha yote, sababu singejua ya kwake ni gani."

Chai yangu ilipoa mkononi. Niliaga, nikachukua mnyororo wangu, nikashuka kilima hadi barabarani kungoja gari la kunirudisha Beni. Lilikuja baada ya saa tatu nzima za kungoja.